Dawa za nyanya zipo chini ya kitanda cha watoto na mume hataki kusikia

BARUA

Shikamoo Anti. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo nisamehe kama maneno hayajapangika. Mi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho bado namnyonyesha, nipo huku Ilula Iringa na kama unavyojua huku kwetu maisha ni nyanya. Mi na mume wangu tunalima ekari mbili na mdogo wake anakaa hapa nyumbani anatusaidia shamba.

Zamani tulikuwa na kibanda nje cha kuwekea majembe na dawa, mwaka jana wakavunja wakabeba dawa zote na bomba la kupigia dawa, hasara kubwa maana bei ya dawa sasa hivi unaijua mwenyewe. Tangu hapo mume wangu akasema dawa hazilali nje tena, akaziingiza ndani, na katika nyumba nzima sehemu aliyoiona salama ni chini ya kitanda cha watoto, eti mwizi hawezi kwenda kupekua pale. Pale chini kuna chupa mbili za dawa ya wadudu, paketi ya dawa ya ukungu imefunguliwa imekunjwa tu, kuna kidumu hakina karatasi alipewa na rafiki yake mi hata sijui ni nini, halafu kuna chupa ya soda ina dawa ya kupimiwa dukani. Juzi huyu wa kati ana miaka minne katoka nayo hiyo chupa ya soda sebuleni ananiuliza mama hii nifungulie. Anti miguu iliisha nguvu. Nikampokonya nikamwambia baba yake, akasema basi mfundishe mtoto asishike vitu vya watu.

Na huko kuzileta sasa. Shemeji anatumwa mjini kwa bodaboda anarudi na kiroba kimoja ndani yake kuna unga, sukari, sabuni na dawa vyote humo humo. Kuna siku unga ulinuka dawa nikaumwaga wote kilo tano tukagombana hadi usiku kwamba nachezea hela.

Shambani ndo usiseme. Tangu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ameingia wanapiga dawa mfululizo, wanachanganya mbili tatu kwenye bomba moja wanasema ndo inaua, bomba lenyewe linavuja mgongoni, mume wangu yuko na tisheti na malapa amejifunga kitenge usoni. Nozeli ikiziba anaipuliza kwa mdomo. Akirudi mtoto anamkimbilia anambeba hivo hivo, halafu anakunywa maziwa nusu lita anasema yanakata sumu, mama mkwe naye anasisitiza maziwa yasikosekane siku ya kupiga dawa. Usiku kichwa kinamgonga, anatoka jasho, mara nyingine anatapika, anasema macho yanaona ukungu. Asubuhi anakunywa dawa ya malaria yaishe. Nguo zake nafua mimi, beseni ni hilo hilo la nguo za mtoto.

Nikiongea naambiwa mjuaji, baba yake alipiga dawa maisha yake yote na akafa mzee. Sitaki kumvunjia heshima mume wangu mbele ya mdogo wake ila nimechoka kulala nikiwaza chini ya kile kitanda. Nifanyeje Anti?

Mama wa watatu, Ilula

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma weka simu chini nenda kazitoe hizo dawa, leo, hata kama mwenyewe hayupo. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, vaa hata mifuko mikononi, ziweke zikiwa zimesimama, weka na hiyo chupa ya soda ila ibandike plasta uandike SUMU na jina la dawa kama mume wako analijua, halafu ndoo itoke chumba cha watoto na itoke nyumba ya kulala kabisa, ikafungiwe kwa kufuli mahali mtoto hafiki. Hapo ni kwa usiku huu, mpango wa kudumu tutauongea. Ukishamaliza fagia na upige deki chini ya kitanda, na kama godoro au mablanketi yamedondokewa au yananuka, yafue na kuanika juani mbali na watoto.

Sikutishi bure. Mwaka 2013 mwezi wa saba kule Bihar nchini India watoto wa shule moja ya msingi walipikiwa chakula cha mchana, na 23 wakafa. Uchunguzi ulikuta mafuta ya kupikia yana monokrotofosi, dawa ya wadudu wa mazao, tena ya ukoo huo huo wa dawa nyingi za maji zinazopigwa kwenye nyanya. Mafuta yaliingia kwenye chombo kilichokuwa na dawa na mpishi alilalamika kwamba mafuta hayaeleweki. Hakuna aliyekusudia kuua, ni chombo tu kilikuwa kibaya. Sasa angalia nyumba yako, una chupa ya soda yenye dawa na una mtoto wa miaka minne, na kiroba cha unga kinasafiri na sumu. Ulivyoumwaga ule unga ulifanya sawa na usimwombe mtu msamaha. Unga ukishanuka dawa haurudi kuwa chakula, wala haupewi kuku.

Nirudi kwenye kutunza maana ndo kiini cha ugomvi wenu. Mume wako hoja yake ya wizi ni ya kweli na usimbishie hapo, ukimbishia hapo mtazunguka mwaka mzima. Mkubalie kwamba dawa zisilale wazi nje, halafu mwambie tranka la chuma lenye kufuli lifungwe kwa boliti ukutani kwenye kibanda, mafundi wa kuchomelea huko Ilula wanatengeneza na kibanda chenyewe kiwekewe mlango wa maana. Tranka lisigusane na sakafu, weka tofali chini yake. Ndani dawa za unga zikae juu na za maji chini, ili ya maji ikivuja isilowanishe paketi. Humo humo hakuna mbegu, hakuna mbolea, hakuna chumvi ya ng'ombe, hakuna chakula cha kuku. Kibanda kiwe na tundu la hewa, kisiwe karibu na kisima wala moto, na funguo iwe kwa mtu mzima mmoja anayejulikana, isining'inie kwenye msumari mlangoni. Mwambie pia jambo ambalo wanaume wa shamba hulielewa haraka, kwamba dawa ikikaa kwenye joto kali nguvu yake inaisha, kwa hiyo akiitunza vizuri anaokoa hela yake mwenyewe. Kuna sababu nyingine ya hilo kufuli ambayo watu hawapendi kuitaja. Nyumba ina vijana, ina siku za hasira na siku za mtu kukata tamaa, na sumu ikiwa imefungwa mbali mtu anapata muda wa hasira kupoa. Na kama ndani mwenu kuna mtu unamwona amekata tamaa siku hizi, usimwache peke yake, kaa naye umuulize na mtafute msaada kituo cha afya.

Ila ukiniuliza mimi, stoo nzuri kuliko zote ni kutokuwa na dawa ya kutunza. Nunueni ya mpigo mmoja au miwili, chupa ya mili 100 iliyofungwa kiwandani. Najua kwa mili inatoka ghali kuliko ya lita, na najua ndo maana watu wanaenda kupimiwa kwenye chupa za soda, lakini hiyo ya kupimiwa hujui kama imechakachuliwa, huna maelezo ya kipimo, huna siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku mtu akiinywa daktari hajui anatibu nini. Kuipakia upya dawa hivyo hairuhusiwi hata kisheria, muuza duka anayekupimia anajua. Chupa halali ina lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyochukua kazi za TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, makao yake Arusha. Chini ya lebo kuna mstari wa rangi, jifunze kuusoma hata wewe usiyepiga dawa. Nyekundu ni kali kabisa, hiyo sitaki isogelee nyumba yako, njano inafuata na dawa nyingi za wadudu za huku zipo hapo, bluu halafu kijani ndo za chini. Kijani nayo bado ni sumu.

Usafiri. Shemeji apewe ndoo yake, yenye mfuniko, alama kubwa ya X kwa rangi, na ndoo hiyo isirudi jikoni milele. Ndani ya ndoo chini aweke maranda ya mbao, chupa zisigongane na ikivuja yanyonye. Aifunge nyuma ya pikipiki kwa mpira, asipakate, na chakula kiwe na mfuko wake mbali na hapo, tena bora siku ya dawa asitumwe unga kabisa. Asipande nayo kwenye hiace iliyojaa abiria na watoto wamepakatwa, hapo hata kama konda hana neno. Kabla hajatoka dukani akague vifuniko, chupa iliyovimba au yenye unyevu shingoni airudishe. Ikimwagika njiani asimimine maji kuisukuma mtaroni, anamwagia udongo mkavu au majivu inyonye, anazoa kwa koleo anaweka kwenye mfuko mzito, watoto na mifugo vikae mbali.

Sasa shambani. Watu wengi wanadhani hatari ni kuvuta ile harufu, kumbe dawa nyingi inaingia kwa ngozi. Na saa mbaya kuliko zote ni ile ya kupima na kuchanganya, kwa sababu hapo unashika dawa nzito haijapata maji bado, watu wanapima kwa kifuniko mkono mtupu halafu wanavaa glavu wakati wa kupiga, wamegeuza. Glavu za mpira mzito au naitraili zivaliwe tangu chupa inafunguliwa, sio za kitambaa wala ngozi, zile zinakunywa dawa na kuikalisha mkononi. Kile kitenge usoni ndo hivyo hivyo, kikilowa kinamshikia dawa mdomoni, na maski ya kawaida ya vumbi au ile ya korona haizuii mvuke, inatakiwa yenye vichujio vya mkaa. Kama hela ya maski hiyo haipo kwa sasa basi aanze na vitu vya bei ndogo, gambuti na suruali itoke NJE ya gambuti isiingie ndani, shati la mikono mirefu, kofia pana, glavu, na apige alfajiri au jioni upepo ukiwa mdogo, upepo ukimtoka yeye kuelekea kwenye mimea. Saa sita mchana hakuna mtu anavumilia kuvaa hivo na ndo maana wanavua, kwa hiyo tatizo mara nyingi ni saa waliyochagua.

Bomba linalovuja mgongoni, wazee wanisamehe lakini lazima niseme. Maji yale yanateremka mgongoni yanaishia kwenye makalio na sehemu za siri, na ngozi ya korodani inapitisha dawa zaidi ya mara 10 kuliko ya mkono, lilishapimwa hilo kwa watu wa kujitolea na dawa ya parathioni, majibu yakatoka mwaka 1971. Washa ya bomba, ile mpira wa kuzuia kuvuja, ni bei ya soda. Hapo mume wako akikuita mjuaji mwonyeshe aya hii. Nozeli azibue kwa mswaki wa zamani au kijiti laini cha nyasi, mdomo wake ana kazi nyingine.

Maziwa. Hapa nitamgusa mama mkwe naye ni mama yangu, lakini maziwa hayakati sumu. Dawa imepita kwenye ngozi na mapafu ipo kwenye damu, maziwa yako tumboni, yanakutana wapi? Ubaya wake ni kwamba yanampa moyo wa kuendelea bila kuvaa kitu. Kinachosaidia ni maji na sabuni, aoge mwili wote na kichwa mara akitoka shambani, kabla ya kula, kabla ya sigara, na kabla mtoto hajamkimbilia. Mwekee ndoo na sabuni nyuma ya nyumba na nguo safi, mtoto amshike akishatoka hapo. Maziwa wape watoto.

Hali yake ya usiku ndo imenishtua kuliko hata kitanda. Kichwa, jasho, kutapika, macho kuona ukungu, kila baada ya kupiga dawa, halafu anakunywa dawa ya malaria bila kupima. Mi sio daktari na siwezi kusema kwa barua, lakini dawa za wadudu za ukoo wa profenofosi na dimethoeti zinazuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, mishipa inabaki imewashwa, ndo unaona mate mengi, jasho, machozi, mboni za macho zinasinyaa, misuli inacheza cheza, na ikizidi pumzi inabana. Dozi ndogo ndogo za karibu karibu zinamjazia, maana mwili unahitaji wiki kadhaa kurudisha hicho kimeng'enya. Kuisha asubuhi sio kupona. Aache kupiga dawa kwanza, aende kituo cha afya apimwe malaria kweli, na aseme nimekuwa napiga dawa fulani, abebe lebo au apige picha lebo. Hospitali wana atropini kwa sumu za aina hiyo lakini wasipoambiwa watamtibu homa. Na usiku wowote ukiona anabanwa pumzi, anatoa povu au mate yasiyoisha, anachanganyikiwa au misuli inaruka, hiyo hakuna kusubiri kuche. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni huku umevaa glavu, na safari ianze. Kwa aliyekunywa dawa, awe mtoto awe mtu mzima, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta, beba chupa ukimbie.

Nguo zake kuanzia leo zina beseni lake. Vaa glavu, suuza kwanza kwa maji mengi, fua kwa sabuni mara mbili, anika mbali na za watoto, na hayo maji yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Kwa sababu unanyonyesha ningependa zaidi afue mwenyewe au shemeji, na kwenye kuchanganya na kupiga dawa wewe usiwepo kabisa. Usiache kunyonyesha kwa hofu lakini, mwambie nesi wa kliniki hali halisi. Shambani msiingie kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo, nyingi ni kuanzia saa 24, na kama haujaandikwa subirini angalau dawa ikauke na siku ipite. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna nazo mziheshimu, hizo nyanya zinaliwa na watoto wa watu Dar es Salaam.

Kuhusu kantangaze, kuchanganya dawa tatu hakujamuua na hakutamuua. Huyu mdudu asili yake Amerika Kusini, Tanzania alionekana 2014, na mtoto wake anakula akiwa katikati ya jani, dawa ya kugusa inapita juu yake. Na amezoea nyingi ya zile za zamani, zikiwemo za ukoo huo niliotaja. Bora mitego ya feromoni, yaani ya harufu inayowavuta wadudu, ya kuwajua wameingia lini, kung'oa na kuzika majani na matunda yaliyotobolewa, kuondoa masalia shamba likiisha, na kubadilisha makundi ya dawa, chupa nyingi zina namba ya kundi kwenye lebo. Kwa mume wako anzia hapa hapa, mdogo wangu. Usianze na watoto wala na "wewe hunisikilizi", anza na hesabu. Kaa naye jioni shemeji akiwa hayupo, mwandikie kwenye daftari hela ya dawa ya msimu mzima, muulize kantangaze amepungua? Akikaa kimya mpe wazo la afisa ugani aje shambani, aje kwa ajili ya kantangaze, na akiwa pale ataliona bomba na malapa mwenyewe na atasema yeye, wewe hutakuwa umemvunjia mtu heshima. Na la baba yake kufa mzee usilijibu. Mtu akimsema marehemu baba yake hataki hoja.

Chupa zikiisha msizitupe wala kuzigawa. Mimina maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba, rudia mara tatu, halafu toboa isifae kuchotea kitu.

Kile kidumu kisicho na karatasi usikifungue, usinuse kujaribu kujua, usimwage chooni wala kukichoma. Kifungie kwenye lile tranka kimeandikwa HAIJULIKANI, na afisa kilimo wa kata akija hiyo siku mkabidhi taarifa yake awasiliane na TPHPA kiondolewe. Rafiki aliyekitoa naye aulizwe alikipata wapi, anaweza kuwa na vingine kwake.